Ala ya Kisu: Somo la Kwanza kwa Anayetaka Kushona Ngozi

Kaunti ya Garissa inajulikana kote nchini kwa soko lake la mifugo. Ng'ombe, mbuzi, kondoo na ngamia hununuliwa hapa na kusafirishwa hadi Nairobi na Pwani. Ngozi za wanyama wanaochinjwa hapa nyumbani hazipewi umuhimu huo. Nyingi huuzwa zikiwa ghafi kwa bei ya chini, kisha hurudi madukani zikiwa viatu, mikanda na pochi. Faida kubwa hubaki kwa aliyeshika sindano.

Makala haya ni somo kwa mkazi wa Waberi, na wa wadi nyingine yoyote, ambaye hajawahi kushona ngozi na angependa kuanza. Kazi ya kwanza iliyochaguliwa ni ala ya kisu, na kuna sababu tatu. Kwanza, ala huhitaji kipande kidogo tu cha ngozi, na mara nyingi mabaki ya fundi wa viatu hutosha. Pili, ndani yake mna karibu kila hatua ya ufundi huu: kupima, kukata, kugundisha, kutoboa, kushona na kung'arisha. Tatu, kila nyumba ina kisu. Kisu kilichofungwa kwa gazeti au kutiwa chini ya godoro hakina usalama, hasa penye watoto.

Kazi iliyowahi kudharauliwa

Ufundi wa ngozi si mgeni katika eneo hili. Jamii za wafugaji wa Pembe ya Afrika zimetumia ngozi kwa vizazi vingi kutengeneza kamba, vyombo vya maji na maziwa, mikeka ya kuswalia, matandiko ya ngamia na ala za visu. Ngozi zilidabaghwa kwa magome ya miti jamii ya mgunga. Wamasai nao hutengeneza ala ya simi kwa vipande vya mbao vilivyofunikwa kwa ngozi na kupakwa rangi nyekundu.

Hata hivyo, katika jamii nyingi za wafugaji kazi ya ngozi na ya chuma iliachiwa watu wachache, na watu hao walidharauliwa. Kila mtu alitaka kisu na ala yake, lakini aliyevitengeneza hakupewa heshima ya kazi yake. Kijana anayesita leo kuketi na msharasi kwa kuogopa maneno ya watu anapaswa kujua kwamba viatu na mkanda anaovaa vilishonwa na mtu aliyelipwa kwa kazi hiyo.

Kuchagua ngozi

Si kila ngozi inafaa kwa ala. Ngozi nyororo ya mikoba na makochi kwa kawaida hudabaghwa kwa chumvi za madini ya kromu. Hiyo hupinda ovyo, haishiki umbo, na ikipata unyevu huweza kukitia kisu kutu. Ngozi ya kutafuta ni ile iliyodabaghwa kwa magome ya miti, kama vile gome la muwati unaopandwa katika nyanda za juu za Kenya.

Kuzitofautisha ni rahisi. Ngozi ikatwe kidogo pembeni na kutazamwa. Ya magome huwa ya hudhurungi hadi katikati, lakini ya kromu mara nyingi huwa na rangi ya kijivu au samawati kwa ndani. Kisha tone la maji lidondoshwe juu yake. Ngozi ya magome ambayo haijapakwa rangi wala mafuta hunywa maji haraka na kuwa nyeusi zaidi pale palipolowa.

Unene unaofaa ni kati ya milimita 2.5 na 3.5, na hiyo ni ngozi ya ng'ombe. Ngozi ya mbuzi ni nyembamba mno kuzuia makali ikiwa peke yake, ingawa inafaa kwa mapambo. Asiyepata ngozi nzuri mjini Garissa anaweza kuagiza kutoka soko la Kariokor jijini Nairobi, ambako mafundi wa ngozi wamefanya kazi kwa miaka mingi.

Vifaa

Anayeanza hahitaji mashine. Anahitaji kisu kikali cha kukatia, rula ya chuma, kadibodi, kalamu, msharasi (ile sindano nene yenye mpini anayotumia fundi wa viatu kutobolea), sindano mbili zenye ncha butu, uzi imara wa nailoni, nta ya nyuki, gundi ya viatu, msasa, vibanio vya nguo na kipande cha ubao. Uma wa kulia chakula pia utahitajika, na kazi yake itaelezwa hapa chini.

Hatua kwa hatua

1. Kiolezo. Kazi huanzia kwenye kadibodi, kwa sababu kadibodi ikiharibika hakuna hasara. Mstari mnyoofu huchorwa katikati. Hapo ndipo ala itakapokunjwa. Mgongo wa kisu hulazwa juu ya mstari huo, kisha ubapa huchorwa. Kutoka kwenye mkunjo, kila upande uwe na upana wa ubapa na milimita 15 za ziada. Kwa mfano, kisu chenye ubapa wa milimita 30 kitahitaji milimita 45 kila upande, yaani milimita 90 kwa jumla.

Ala nzuri humeza pia sentimita 3 hivi za mpini, ili kisu kishikwe kisichomoke. Kwa kuwa mpini ni mnene kuliko ubapa, sehemu ya mdomo hupimwa kwa kuzungusha karatasi kwenye mpini wenyewe, kisha nafasi ya mshono huongezwa. Mdomo usiwe mwembamba kuliko sehemu yoyote ya chini yake, la sivyo kisu hakitaingia. Juu ya upande wa nyuma huachwa ulimi wenye upana wa sentimita 3 na urefu wa sentimita 16 wa kupitishia mshipi. Kadibodi hukatwa, hukunjwa na kujaribiwa kwa kisu kabla ya ngozi kuguswa.

2. Kukata. Ngozi huwekwa juu ya ubao na kuchorwa kwa kufuata kiolezo. Sehemu zenye matobo, mikunjo ya tumbo au alama za chuma cha moto huepukwa. Kisu kipitishwe mara kadhaa kwa nguvu kidogo, badala ya mara moja kwa nguvu nyingi, na mkono unaoshikilia rula usiwe mbele ya makali.

3. Ulimi wa mshipi. Huu hukunjwa kwa nyuma na kushonwa mwanzoni kabisa. Wanagenzi wengi husahau hatua hii, kisha hugundua kwamba ala imekwisha kufungwa na sindano haiwezi kuingia ndani.

4. Utepe wa kati. Hii ndiyo hatua muhimu kuliko zote. Ala ikishonwa kwa kuunganisha pande mbili tu, makali ya kisu hugusa uzi kila kinapoingizwa. Uzi hukatika kidogo kidogo, na siku moja makali hutokea pembeni na kumkata mwenye nacho pajani au mkononi. Kuongeza unene wa ngozi hakutatui tatizo hili. Linalolitatua ni utepe wa ngozi wenye upana wa milimita 12, unaowekwa katikati ya pande mbili kuanzia mdomoni hadi nchani. Utepe huo usiwe mwembamba kuliko ubapa wa kisu. Hapo makali hukutana na ngozi ya utepe, na uzi hubaki salama nyuma yake.

5. Kugundisha. Gundi hupakwa pande zote mbili zinazokutana, huachwa hadi isinate kidoleni, kisha pande hubanwa kwa nguvu na kushikwa kwa vibanio. Gundi ya viatu ina mvuke mkali, kwa hiyo kazi hii ifanyiwe mahali penye hewa, mbali na jiko na watoto.

6. Kutoboa. Mstari huchorwa milimita 5 kutoka ukingoni. Kisha uma hukandamizwa juu ya mstari, na meno yake huacha alama zenye nafasi sawa. Kila uma unaposogezwa, jino la kwanza huwekwa kwenye alama ya mwisho. Alama hizo hutobolewa kwa msharasi, ngozi ikiwa juu ya ubao. Msharasi usimame wima, kwa sababu ukiinama mshono wa nyuma utapinda.

7. Kushona. Uzi hukatwa mara nne ya urefu wa mshono, na sentimita 20 za ziada, kisha huvutwa kwenye nta. Sindano moja hutiwa kila mwisho wa uzi. Katika kila tundu sindano ya kulia hupita kwenda kushoto, na ya kushoto hupita kwenda kulia, kisha nyuzi zote mbili hukazwa kwa nguvu sawa. Mshono huu una faida ambayo mashine haina: uzi ukikatika upande mmoja, ule wa pili bado hushikilia tundu hilohilo. Mwishoni mshonaji hurudi nyuma matundu matatu, hukata uzi na kuyeyusha ncha zake kwa moto kidogo.

8. Ukingo. Tabaka tatu za ngozi husawazishwa kwa msasa hadi zionekane kama moja. Kisha ukingo hulowanishwa kidogo na kusuguliwa kwa mti laini au kitambaa kigumu mpaka ung'ae.

9. Kutoa umbo. Ala huzamishwa kwenye maji ya uvuguvugu kwa muda mfupi. Kisu hupakwa mafuta, huviringishwa kwa karatasi ya plastiki na kuingizwa ndani, kisha ngozi hukandwa kwa vidole ifuate umbo la mpini. Baada ya hapo kisu hutolewa kwa uangalifu na ala huachwa kivulini ikauke kwa siku moja au mbili. Jua la Garissa lisitumiwe kuharakisha kazi, kwani ngozi iliyolowa ikipigwa na joto kali husinyaa, hukakamaa na kupasuka.

10. Kumalizia. Ikishakauka, ala hupakwa nta ya nyuki kidogo. Mafuta ya kupikia na samli hayafai, kwa sababu huilegeza ngozi, huchacha na kuvuta sisimizi.

Kujaribu ala

Ala isipewe mtu kabla ya kujaribiwa. Kisu hutiwa ndani na ala hugeuzwa juu chini juu ya mchanga, mbali na miguu, na kutikiswa. Kisu kisianguke. Kisha pande zote hupapaswa taratibu. Ncha wala makali yasihisike popote. Ala iliyoshindwa jaribio lolote kati ya haya hufumuliwa na kurudiwa.

Mambo ya kuzingatia

Ala ya ngozi si ya kutumiwa ndani ya kichinjio. Ngozi hunywa damu na haiwezi kuoshwa ikatakata, kwa hiyo huwa maskani ya vijidudu. Hii ni ala ya kisu cha safari, cha malishoni au cha nyumbani, na kisu kioshwe na kukaushwa kabla ya kurudishwa ndani. Kisu kinachowekwa kwa miezi bila kutumiwa kihifadhiwe nje ya ala, kwa sababu hata ngozi ya magome hukitia kutu kikikaa humo muda mrefu.

Wakazi wakumbuke pia kwamba kuwa na ala hakumpi mtu ruhusa ya kubeba kisu kila mahali. Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56, inakataza kubeba silaha ya kudhuru katika mikutano na maandamano ya hadhara.

Ngozi bora huanzia kwa mchunaji

Fundi hawezi kushona ngozi iliyoharibika. Kila tundu linalotobolewa na mchunaji hupunguza bei ya ngozi, na alama ya moto iliyopigwa ubavuni huharibu sehemu iliyo bora. Mbuzi na kondoo wachunwe kwa ngumi baada ya mpasuo wa kwanza, na kisu cha kuchunia kiwe na ncha ya mviringo. Ngozi ipakwe chumvi mapema, kwa kiasi cha takriban theluthi moja ya uzito wake, au iwambwe kwenye fremu kivulini. Ikitandazwa chini juani, huoza upande mmoja na kuungua upande wa pili.

Kutoka somo hadi kipato

Ala ya kwanza haitakuwa nzuri, na isiuzwe. Ya tatu au ya nne huanza kunyooka. Anayefika hapo aandike gharama ya ngozi, uzi na gundi, ahesabu saa alizotumia na malipo anayostahili kwa kila saa, kisha ajumlishe. Bei iliyo chini ya jumla hiyo ni hasara, hata kama mteja ameondoka akitabasamu. Wateja hawako mbali: wafugaji, madereva wa masafa marefu na kila nyumba inayokaribia sikukuu ya Idd-ul-Adha.

Anayetaka kwenda mbele zaidi anaweza kujiunga na Kituo cha Mafunzo na Uzalishaji cha Sekta ya Viatu kilichoko Thika. Kwa ushauri kuhusu kuchuna na kuhifadhi ngozi, wakazi wawaone maafisa wa mifugo walio karibu nao. Aliyeweza kushona ala iliyonyooka ameshapata mkono wa kushonea mshipi, pochi na makubadhi, na ngozi ya kufanyia kazi hiyo inatoka kwa mifugo ya kaunti hii.