Mifuko ya Upepo Nyuma ya Pikapu: Mwongozo kwa Mafundi na Wasimamizi wa Magari ya Kazi

Pikapu ya kazi ikifungwa tela lenye jenereta au boti, nyuma hulala, pua huinuka, na taa huanza kuwamulika machoni wanaokuja. Mteja anayefika gereji na lalamiko hilo mara nyingi huwa ameshajiamulia dawa: mifuko ya upepo ifungwe kati ya ekseli ya nyuma na chesisi. Kifaa hicho ni kizuri, ila kazi yake ni moja tu, kurudisha kimo cha gari. Hakiongezi hata kilo moja kwenye uzito ambao gari limeruhusiwa kubeba au kuvuta. Ekseli, beringi, breki, matairi na chesisi hubaki vilevile, na kikomo kilichoandikwa kwenye bamba la gari hakisogei. Watengenezaji wa mifuko yenyewe huandika onyo hilo kwenye maelekezo yao.

Kwa hiyo kazi huanzia kwenye mizani, kabla ya jeki. Gari hupimwa likiwa na mzigo wake wa kawaida na tela likiwa limefungwa, kila ekseli peke yake inapowezekana. Kanuni inayotumiwa na wengi ni kwamba uzito unaokalia kiungo cha tela uwe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wa tela lote. Tela la kilo 2,000, basi, huweka kilo 200 hadi 300 nyuma ya pikapu, na kilo hizo huhesabiwa kuwa mzigo wa pikapu pamoja na abiria, boksi la vifaa na kila kilichomo kwenye bodi. Tela lisilo na breki zake lina kikomo chake, ambacho kwa pikapu nyingi ni kilo 750. Takwimu hizi zikizidi kilichoandikwa na mtengenezaji, mazungumzo ya mifuko yaishie hapo.

Kuna jambo jingine ambalo macho hayalioni. Kiungo cha tela kiko nyuma ya ekseli, hivyo uzito wake hufanya kazi kama mtoto aliyekaa mwisho wa ubao wa pembea. Chukua gari lenye mita 3 kati ya ekseli mbili, na kiungo kikiwa mita 1.2 nyuma ya ekseli ya pili. Kilo 200 zikiwekwa hapo, ekseli ya nyuma hubeba kilo 280, na ya mbele hupunguziwa kilo 80. Mifuko ikijazwa, gari hunyooka na dereva huridhika, lakini zile kilo 80 hazijarudi mbele. Usukani bado ni mwepesi na matairi ya mbele bado yana mshiko pungufu breki inapokanyagwa. Dawa ya kweli ni kupunguza mzigo, kuupanga upya, au kutumia kiungo chenye fito za kugawa uzito pale gari na tela vinaporuhusu. Kurundika mzigo nyuma ya tela ili kukipunguzia kiungo uzito ni hatari kubwa zaidi, kwa sababu tela hilo litaanza kuyumba mwendo ukiongezeka.

Chesisi nayo inahitaji kufikiriwa mapema. Kwenye pikapu yenye springi za majani, kama zilivyo nyingi za Toyota Hilux na Isuzu D-Max, mzigo huingia kwenye chesisi sehemu mbili kila upande: mbele na nyuma ya ekseli, pale springi zinaposhikwa. Mfuko huongeza sehemu ya tatu, katikati, juu kabisa ya ekseli. Ukijazwa sana, hugeuka kuwa egemeo ambalo chesisi hukunjika juu yake, huku tela likiivuta chini kwa nyuma kila gari linapotumbukia shimoni. Nchini Australia, ambako pikapu za kabini mbili huvuta makaravani kwenye barabara mbovu za mbali, mafundi wanalifahamu vizuri tukio la chesisi kupinda nyuma ya kabini. Gari linalobeba mzigo mzito kila siku kwenye barabara ya vumbi hufaa zaidi kubadilishiwa springi nzito zilizotengenezwa kwa ajili yake. Mifuko inalifaa gari ambalo mzigo wake hubadilika: leo tela, kesho tupu. Fundi mwadilifu humweleza mteja hivyo hata kama faida yake iko kwenye mifuko.

Ufungaji wenyewe si mgumu kwa anayesoma maelekezo. Chesisi haitobolewi wala kuchomelewa bila idhini ya mtengenezaji. Mfuko usiguse tairi, mpira wa breki wala paipu ya moshi. Mrija wa upepo hukatwa kwa wembe, mkato ulionyooka, kwa kuwa mkato wa mshazari ndio chanzo cha uvujaji mwingi. Kila upande upewe mrija na valvu yake. Mifuko ikiunganishwa kwa mrija mmoja, kwenye kona upepo hukimbilia upande wa pili, na gari hulala zaidi. Viungo vyote hupakwa povu la sabuni, na presha hupimwa tena asubuhi ya pili kabla gari halijakabidhiwa.

Panapopuuzwa zaidi ni kwenye breki. Pikapu nyingi zenye breki za drum nyuma zina valvu inayopima mzigo: fimbo nyembamba huiunganisha na ekseli, na kadiri bodi inavyoshuka ndivyo valvu inavyoruhusu presha zaidi kwenda breki za nyuma. Mifuko ikiinua bodi, valvu hudhani gari ni tupu. Gari lenye mzigo kamili na tela hubaki na breki dhaifu za nyuma, na hakuna taa ya onyo itakayowaka. Valvu hiyo lazima ikaguliwe na kurekebishwa kwa vipimo vya mtengenezaji, kisha gari lijaribiwe. Taa za mbele nazo zielekezwe upya.

Kupanga presha hufanywa kwa futi, si kwa makisio. Kimo hupimwa kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi gari likiwa tupu, kisha likiwa limepakia, na upepo huongezwa kidogo kidogo hadi nyuma ikaribie kimo cha awali bila kukipita. Mifuko mingi hufanya kazi kati ya PSI 5 na 100. Tela likifunguliwa, presha hushushwa hadi kiwango cha chini kilichoelekezwa, wala si hadi sifuri, maana mfuko mtupu hujikunja na kuchanika.

Msimamizi wa magari ana wajibu wa kuandika uzito uliopimwa, presha iliyowekwa na tarehe, na nakala ikae ndani ya gari. Dereva naye ana haki. Kwa mfano, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya mwaka 2007 humtaka mfanyakazi atoe taarifa ya hatari kubwa, na humkataza mwajiri kumrudisha kazini hatari hiyo ikiwa bado ipo. Dereva anayekataa kuondoka na tela lililozidi kipimo aiandike taarifa hiyo, na gereji iliyokataa kufunga mifuko kwa sababu hiyohiyo imwandikie mteja sababu yake.