Majina ya Jirani katika Lugha ya Kiayalandi

Jina ambalo watu humwita jirani yao ni ushahidi wa historia, mradi lisomwe kwa kanuni, si kwa kubahatisha. Katika somo hili tutachunguza mifano minne kutoka Ayalandi.

1. Sasana. Hili ni jina la Uingereza. Mwingereza ni Sasanach. Asili yake ni Saxones, neno la Kilatini lililowataja Wasaksoni, waliohamia Britania kutoka bara la Ulaya. Kabila moja limelipa jina taifa zima.

2. Alba (leo Albain). Kwanza lilikuwa jina la kisiwa kizima cha Britania. Baadaye maana ilifinyika, na tarikh za Ulster za mwaka 900 zinamtaja mfalme wa Alba, yaani wa nchi tuiitayo Uskoti.

3. Cruithin. Ndivyo walivyoitwa Wapikti wa kaskazini. Mahali penye p katika Kiwelisi, mara nyingi Kiayalandi kina c: kichwa ni pen na ceann, nne ni pedwar na ceathair. Kwa kanuni hiyo, Cruithin na Pritani, jina lililozaa Britania, ni ndugu wa tumbo moja, ingawa masikioni hayafanani.

4. Gall. Awali lilimaanisha mtu wa Galia, yaani Ufaransa ya kale. Baada ya mashambulizi ya Waviking yaliyoanza mwaka 795, wao ndio walioitwa Gall. Baada ya 1169 likawaangukia Wanormani na Waingereza. Dún na nGall maana yake ni "ngome ya wageni". Hata wazao wa Wanormani waliozaliwa Ayalandi waliendelea kuitwa hivyo kwa karne nyingi. Katika karne ya 17 padri Seathrún Céitinn, mwanahistoria wa nasaba hiyo, alitumia jina Éireannaigh, "watu wa Ayalandi", kuwajumuisha wao pamoja na wenyeji wa kale.

Na wenyeji hao je? Jina lao, Gael, wenyewe walilikopa kwa jirani zao Wawelisi! Basi mwanafunzi asichukue jina kuwa hati ya nasaba: jina hueleza nani alimwita nani, na lini.

Zoezi: "Nani" kwa Kiwelisi ni pwy. Je, neno la Kiayalandi litaanza kwa herufi gani? Eleza sababu.