Sanamu ya Askari na Wapagazi

Kimamba ni mji mdogo katika wilaya ya Kilosa, nao umo kando ya reli itokayo Dar es Salaam kwenda Kigoma. Reli hiyo ilijengwa na Wadachi, ndio Wajerumani, tangu mwaka 1905 hata 1914. Vita Vikuu vilipozuka mwaka ule wa 1914, jeshi lao liliitegemea sana. Kwa hiyo Waingereza walifanya bidii kuikata, na mwezi wa Agosti 1916 majeshi yao yalitwaa Kilosa na Morogoro, miji ambayo Kimamba iko kati yake.

Vita hivyo vilipiganwa baharini pia. Tarehe 20 Septemba 1914, manowari ya Wadachi, jina lake Königsberg, iliishambulia Pegasus, manowari ya Waingereza iliyotia nanga Unguja. Pegasus ikazama, na mabaharia zaidi ya 30 wakafa. Baadhi yao walizikwa katika kisiwa kidogo cha Chapwani, mbele ya mji wa Unguja, na makaburi yao yangaliko. Baadaye Königsberg nayo ilizingirwa katika midomo ya mto Rufiji, ikaangamizwa mwezi wa Julai 1915. Lakini mizinga yake 10 iliopolewa, ikatiwa magurudumu, ikapelekwa vitani nchi kavu. Ni nani walioikokota? Ni Waafrika, mamia kwa mamia, kwa kamba.

Ndivyo ilivyokuwa pande zote mbili. Farasi na ng'ombe waliuawa na ndorobo, na barabara zilikuwa chache. Basi unga, risasi na majeruhi vilichukuliwa na wapagazi. Wengi walitwaliwa vijijini kwa nguvu. Waliouawa kwa risasi walikuwa wachache kuliko waliokufa kwa njaa, homa na kuhara damu. Kwa upande wa Waingereza peke yake, hesabu ya serikali ilipita 40,000, na wataalamu wa historia hudhani kwamba walikaribia 100,000.

Mwaka 1927 sanamu ya shaba nyeusi ilisimamishwa Dar es Salaam. Ni askari Mwafrika aliyeshika bunduki, na singe yake imeelekea bandarini. Maneno yaliyoandikwa chini yake yalitungwa na Rudyard Kipling, mwandishi Mwingereza, nayo huwataja wapagazi pamoja na askari. Lakini hakuna jina hata moja la mpagazi. Ukumbusho wao mwingine ni mtaa wa Kariakoo, ulioitwa hivyo kwa sababu ya kikosi chao, kwa Kiingereza Carrier Corps.

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Tume ikaomba radhi.

Baharia aliyekufa mbali na kwao astahili heshima. Mpagazi aliyeanguka njiani na mzigo kichwani astahili heshima iyo hiyo. Mwenyezi Mungu ayajua majina yao wote. Ni wajibu wa wanadamu kuyatafuta.

MASWALI
1. Kwa nini Waingereza walitaka kuikata reli?
2. Kwa nini mizigo ilichukuliwa na watu, wala si na wanyama?
3. Jina la Kariakoo lilitoka wapi?
4. Waulize wazee wa kwenu: je, wamepata kusikia habari za mtu wa ukoo wenu aliyekuwa mpagazi vitani? Andika jina lake.