Nimechoka na zamu za nyumba ya wazee

Shikamoo Shangazi!

Mimi ni Mkenya, naishi Minnesota, Marekani. Nina leseni ya uuguzi ya LPN na huu ni mwaka wa nne nikifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Zamu moja nawapa dawa wakazi 30, na nikifika nyumbani sina nguvu hata ya kuongea na wanangu. Nimeomba kazi hospitalini mara nyingi, sijibiwi. Wenzangu wanasema kazi ya LPN ni kwa wazee tu, kwa hivyo nisomee RN, uuguzi wa ngazi ya juu zaidi, au nitulie. Nawapenda wazee wangu, lakini mgongo umekataa. Nifanyeje?

Mchovu, Brooklyn Park

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Wenzako wanakupotosha. Takwimu za serikali ya Marekani zinaonyesha kwamba ni kama theluthi moja tu ya LPN wanaofanya kazi katika nyumba za wazee na makao ya aina hiyo. Wewe umebisha mlango mmoja, nao ndio mgumu: hospitali nyingi zimepunguza LPN wodini na kutaka RN, ambaye sheria inamruhusu kufanya mengi zaidi kwa mgonjwa mahututi.

Kwanza jiulize kinachokuchosha ni nini. Ikiwa ni wingi wa watu, tafuta huduma ya nyumbani, hasa kwa watoto wanaopumua kwa mashine. Huko unamhudumia mgonjwa mmoja zamu nzima. Ikiwa ni mgongo, jaribu kliniki ya daktari au shule, ambako ni nadra kumwinua mtu. Vituo vya kusafisha damu ya wagonjwa wa figo navyo huajiri LPN, na vingi humfundisha mgeni kazi ya mashine huku akilipwa. Magereza pia yanahitaji wauguzi.

Lakini kliniki kwa kawaida hulipa chini ya nyumba za wazee, na ile nyongeza ya usiku na wikendi utaikosa. Piga hesabu ya kodi, karo na pesa unazotuma nyumbani kabla ya kuaga.

Pili, andika wasifu wako upya. Ukisema tu "nilihudumia wazee", umejipunja. Taja kazi yenyewe: insulini, kusafisha vidonda, mipira ya mkojo, kulisha kwa mrija, kuwasimamia wasaidizi, na kumpigia daktari simu mapema unapoona hali ya mkazi imebadilika. Hayo ndiyo mwajiri anayotafuta. Kama hujafunzwa kutoa damu au kuweka dripu, uliza Bodi ya Uuguzi ya jimbo lako sheria inaruhusu nini, kisha utafute kozi fupi.

Kusomea RN ni jambo jema ikiwa unaitaka kazi ya RN. Usiingie darasani kwa sababu ya uchovu tu, maana masomo yenyewe yatakuchosha zaidi.

Kuhusu wazee wako, kuondoka si kuwatupa. Toa notisi ipasavyo, umweleze atakayekurithi tabia na mahitaji ya kila mmoja. Ukipenda, baki kwenye orodha ya wanaoitwa kuziba zamu. Utawaona bado, na mshahara utajazika kidogo.

Wiki hii tuma maombi mahali pawili pasipo hospitali, na wanao wajue unatafuta kazi itakayokurudisha kwao ukiwa na nguvu.