Moyo na Mkono: Maneno ya Wachina ya Kukubali

Watu wa inchi ya China hawaandiki kwa herufi A, B, C. Wana alama nyingi sana, na kila alama ina sauti yake na maana yake. Tazameni, watoto, namna wanavyoandika maneno ya kukubali.

Neno la kwanza ni yuànyì: 愿意. Maana yake ni kutaka kwa moyo. Chini ya kila alama, kama zinavyoandikwa leo, kuna alama ndogo 心. Hiyo ni alama ya moyo. Siku ya arusi, bwana na bibi wakiulizwa, hujibu: «Wǒ yuànyì», ndiyo kusema: «Ninataka kwa moyo.»

Neno la pili ni kěn: 肯. Hilo ni la mtu anayeombwa jambo. Baba amwuliza mtoto: «Nǐ kěn bù kěn qù?» Yaani: «Unakubali kwenda ao hukubali?» Mtoto hatafuti neno la «ndiyo». Arudilia neno lile lile: «Kěn.» Akikataa asema: «Bù kěn.»

Neno la tatu ni jiēshòu: 接受. Maana yake ni kupokea kinacholetwa. Hapa hakuna moyo, kuna mikono. Alama ya kwanza ina mkono upande wa kushoto. Katika ya pili, watu wa zamani walichora mikono miwili: mmoja unatoa, mwingine unapokea.

Basi, mkono waweza kupokea, na moyo ukakataa. Zamani huko China wazazi walichagua mchumba wa mtoto wao. Zawadi zilipokelewa nyumbani, lakini mara nyingi msichana mwenyewe hakuulizwa. Mwaka 1950 sheria ya ndoa ilikataza desturi hiyo. Iliamuru kwamba ndoa ifungwe kwa zìyuàn ya wote wawili. Zì ni «mwenyewe». Yuàn ni ile alama yenye moyo chini yake. Sheria inayofuatwa tangu 2021 imeshika neno lile lile.

Anayejifunza Kichina asichanganye maneno hayo. Kupokea kwa mkono si kukubali kwa moyo.

Maulizo
1. Alama 心 maana yake nini?
2. Mtoto wa Kichina hujibuje akikubali kwenda?
3. Kwa nini sheria ya 1950 haikutosheka na zawadi zilizopokelewa?