Picha ya Wima au ya Mlalo?

Ndugu wanakamati, kwa toleo lililopita tulipokea picha ya wima ya kisima kipya, nayo nafasi ya ukurasa wa mbele ilikuwa ya mlalo. Tulipoikata, zaidi ya nusu ilipotea. Bomba likabaki; akina mama waliochimba mtaro hawakuonekana. Walituuliza wako wapi, na walikuwa na haki.

Mtu mmoja au mnara wa tangi, simamisha kamera. Kikundi au shamba, ilaze. Ukiwa na shaka, piga zote mbili. Anayetazama kulia tutamweka kushoto, ayaelekee maandishi.

Picha ya mtoto aliyedhoofu kwa njaa hatutaichapa, hata kama ingeleta fedha. Wengine wote waombwe ruhusa kwanza, na majina yaandikwe siku hiyohiyo.