Gari Lililonyanyuliwa na Safari ya Mchangani: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kulipa

Dereva aliyekulia Moshi hujifunza matope kabla ya mchanga. Wakati wa masika, njia za Kibosho, Uru na Machame huwa utelezi mtupu, na mwenye gari la kuvuta kwa magurudumu yote manne huijua tiba yake: matairi yenye meno makubwa, na gari kunyanyuliwa ili tumbo lisikwame kwenye makorongo. Tiba hiyo haifai kwenye matuta ya mchanga. Katika matope, meno ya tairi hukata utelezi mpaka yafikie udongo mgumu ulio chini. Katika tuta la mchanga hakuna ugumu wa kufikia. Tairi linalokata huchimba shimo, na gari hukaa kwa tumbo. Mchangani gari hutakiwa lielee.

Tofauti hiyo inamhusu mtumiaji moja kwa moja, kwa sababu kunyanyua gari ni huduma ya gharama kubwa, na mara nyingi huuzwa kana kwamba ndiyo maandalizi yote ya jangwani. Kinachoelesha gari ni upepo wa tairi, na kuupunguza hakugharimu chochote. Gari linalotembea barabarani kwa upepo wa psi 35 hushushwa mchangani hadi 15 au 18. Tairi hutandazika, alama yake ardhini hurefuka, na uzito hugawanyika katika eneo kubwa zaidi. Ukishusha zaidi ya hapo, tairi laweza kuchomoka kwenye rimu unapokata kona. Kwa hiyo, kabla ya kulipia springi mpya, nunua kipimo cha upepo kinachoaminika na pampu inayotumia betri ya gari. Kurudi kwenye lami na matairi laini huyapasha moto na kuyapasua.

Ubavuni mwa tairi tafuta tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT. Tarakimu 2319 zina maana ya wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaloonekana jipya dukani laweza kuwa limekaa miaka mingi, na mpira uliokakamaa haustahimili kutandazwa namna hii. Muuzaji akikataa usisome tarakimu hizo, ondoka.

Ikiwa bado unataka gari linyanyuliwe, kubali kiasi kidogo. Sentimita 5 hutosha wasafiri wengi. Kila sentimita inayoongezwa hubadili mambo ambayo mteja hayaoni: mipira ya breki huvutika, shafti hufanya kazi kwa pembe kali zaidi, na usukani waweza kupoteza tabia yake ya kurudi katikati. Mwombe fundi alipandishe gari kwenye jeki, magurudumu yaning'inie, kisha akuoneshe kwa macho kwamba mipira ya breki bado ina ulegevu hata usukani unapokatwa hadi mwisho kila upande. Dai alaimenti ifanywe baada ya kazi na upewe karatasi ya vipimo. Vipande vya chuma vinavyopachikwa juu ya springi kuukuu huongeza kimo tu; haviponyi springi wala shokapu zilizochoka.

Tairi kubwa kuliko la awali hudanganya pia mshale wa mwendo. Likizidi kwa asilimia 10, mshale ukisoma 50 wewe unakwenda 55, na kati ya Bomang'ombe na Moshi mjini vibao vya 50 ni vingi. Askari hatasikiliza maelezo ya gereji.

Hatari kubwa kuliko zote ni kupinduka. Gari lililonyanyuliwa limepandishwa kitovu cha uzito wake, na wasafiri wengi huongeza juu yake keria iliyojaa. Madumu 10 ya maji ya lita 20 ni kilo 200. Yakiwa juu ya paa, ubavuni mwa tuta, ndiyo yanayoangusha gari. Yaweke sakafuni, yafungwe. Tuta hupandwa na kushukwa kwa mstari ulionyooka. Gari likishindwa kufika kileleni, rudi nyuma kwa gia ya rivasi katika njia ile ile uliyopandia, wala usijaribu kugeuza.

Katika msafara, gari moja lipande, jingine lisubiri mpaka la kwanza lionekane upande wa pili au litoe ishara. Bendera kwenye mti mrefu huwasaidia wenzako kukuona kabla hamjakutana kileleni. Redio za mawasiliano huhitaji kibali; ulizia TCRA kabla ya kununua. Kamba ya kuvutia ifungwe kwenye kulabu iliyoshikwa na chesisi, kamwe isifungwe kwenye kitufe cha kuvutia tela. Kitufe kikikatika huruka kama risasi.

Mchanga wenyewe uko mbali. Tuta jeusi linalohama karibu na Oldupai, ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, ni la kutazamwa na si la kupandwa na magari. Wengi wanaotaka jangwa huelekea Chalbi, katika Kaunti ya Marsabit nchini Kenya. Hapo bima ya kawaida ya Tanzania haitoshi. Ulizia Kadi ya Njano ya COMESA kwa kampuni yako kabla ya kufika Holili au Namanga. Ieleze kampuni hiyo kwa maandishi kwamba gari limenyanyuliwa, na utunze jibu lao. Badiliko lililofichwa laweza kuwa sababu ya kukataliwa fidia, na malalamiko yako kwa TIRA yatakosa nguvu bila karatasi.

Kwa gereji pia, dai risiti ya EFD inayotaja vipuri kwa majina, si neno "matengenezo" peke yake. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza biashara ya kupotosha, na Tume ya Ushindani hupokea malalamiko. Lakini fundi aliyekuahidi springi mpya kwa mdomo akakufungia za mtumba ni vigumu kumbana. Mchukulie picha kila kipuri kikiwa bado ndani ya boksi lake, mbele yake, kabla hajashika spana.